Aliyeushona Mpira wa Prezida

Sekretere wa timu aliniletea ule mpira ukiwa umefungwa ndani ya kitambaa cha meza, kile cha maua kinachotandikwa siku za wageni. Aliushika kwa mikono miwili na kutembea polepole, utadhani amebeba mayai. Mimi nilikuwa kibandani kwangu, Butembo, kiatu cha mwalimu mmoja kikiwa magotini na misumari midogo mdomoni, kwa hiyo sikuweza kumsalimia vizuri. Sidhani kama aliona.

"Mama fundi, unajua iyi njo nini?"

Nikatema misumari mkononi. "Mupira."

"Hapana mupira tu. Iyi njo mupira ya kwanza ya timu. Ile Prezida mwenyewe alishona."

Prezida ndivyo mji mzima ulivyomwita mwenye timu, mfanyabiashara wa mabati na misumari ambaye tulikuwa tumemzika wiki tatu kabla. Sekretere akanieleza mpango wa kamati. Siku ya kutoka matanga ingechezwa mechi Beni, kwenye uwanja uleule ambapo timu ilicheza mechi yake ya kwanza, na dhidi ya timu ileile. Wachezaji wangevaa utepe mweusi mkononi. Kipindi cha kwanza kingechezwa kwa mpira huu wa zamani, ndio ungekuwa mpira rasmi wa mechi. Hata komisere wa mechi alikuwa amekubali. Kabla ya kuanza, ingesomwa kwenye kipaza sauti historia ya mpira: kwamba marehemu, alipokuwa bado hana kitu, aliushona kwa mikono yake mwenyewe.

"Donc wewe unautengeneza tu," akasema. "Unaweka chambre à air mupya, ile kibofu ya ndani, unarudilia fasi zenye zimeachana. Juma yenye kuya ikuwe tayari."

Nilicheka. Najua nilicheka kwa sababu alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Nani alishona?"

"Prezida. Kila mutu anajua."

Kila mtu. Mimi nilikuwepo, na mimi si kila mtu.

Nilikuwa darasa la pili, kusoma kwangu bado kwa kubahatisha. Baba alikuwa fundi viatu kwenye kibanda hikihiki, ila paa lilikuwa la majani. Prezida, ambaye wakati huo hakuwa prezida wa kitu chochote, alikuja na kipande cha ngozi ya ng'ombe kutoka Kipese na wazo la kuunda timu. Hakukuwa na mpira wa kununua mjini, au ulikuwepo na yeye hakuumudu, hilo sikumbuki. Baba alikata vipande kumi na nane kwa kufuata karatasi aliyoichora mwenyewe. Alishona siku nne. Kazi yangu ilikuwa kuupitisha uzi kwenye nta, mara tatu kwenda, mara tatu kurudi, mpaka uwe mgumu na uteleze. Prezida alikuja kila siku, akakaa juu ya debe, akaongea. Aliongea tangu asubuhi hadi jioni kuhusu timu, jezi, kombe, safari za Goma na Kisangani. Siku ya tatu akamwambia baba ampe sindano ajaribu. Akatoboa tundu moja, la pili akajichoma kidole gumba mpaka mfupani, damu ikatoka, akatukana kwa Kinande maneno ambayo mama alinikataza kuyarudia, akaenda kunywa chai. Huo ndio ushonaji wa Prezida.

Kovu lilibaki. Na kovu ndilo lililoleta uongo wote. Timu iliposhinda kombe lake la kwanza, kwenye karamu, mtu alimuuliza kile kidole kilifanya nini. Akasema ukweli: nilijichoma sindano tukishona mpira wa kwanza. Mwaka uliofuata ikawa: nilijichoma nikishona mpira wa kwanza. Baada ya miaka kumi, redioni, ngozi ilikuwa ya begi la babu yake na alishona kwa mwanga wa kibatari. Alikuwa akinyanyua kidole kile kwenye kila sherehe, na watu wakipiga makofi. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia kazi, lakini hakuwa. Mchezaji akivunjika mguu alimpeleka hospitali kwa gari lake. Mabati ya kanisa letu alitoa yeye. Alipenda tu kusema, na mtu anayependa kusema akikosa wa kumkatiza huishia kuamini.

Baba hakumkatiza. Nilimuuliza mara moja, nikiwa msichana mkubwa, tukimsikiliza kwenye redio ya jirani. Baba alikuwa anapiga soli. Akasema, "Muache aseme. Mupira iko na chezwa, hapana?" Akaendelea kupiga soli. Mimi nilitaka agonge meza. Nilitaka aende pale redioni na msharasi wake wa kutobolea ngozi, auweke mbele ya mtangazaji. Hakuwa mtu wa hivyo, na hilo nimemkasirikia kwa muda mrefu kuliko nilivyomkasirikia Prezida.

Kisha baba akafa. Prezida alikuja mazishini na wachezaji wote wamevaa jezi, jambo ambalo lilimfurahisha mama sana. Akasimama kando ya kaburi na kusema marehemu alikuwa fundi mzuri wa viatu, kwamba hakuna mtu Butembo aliyetembea vizuri bila mikono yake. Wa viatu. Alisema viatu mara tatu, nilihesabu. Nilimtazama kile kidole gumba kimeshika kofia kifuani nikangoja, nikasema moyoni, sasa atasema, hapa mbele ya jeneza hawezi kutosema. Akamaliza, akavaa kofia.

Kwa hiyo sekretere aliponiwekea kitambaa cha maua mezani, sikuwa mtu wa kuombwa vizuri. Nilimwambia mpira aurudishe ulikotoka. Nilimwambia siwezi kuuziba uongo kwa uzi wangu. Yeye ni kijana mpole, alisoma chuo, anavaa shati lililopigwa pasi hata Jumamosi. Hakukasirika. Akasema kama nina neno nije niliseme kwenye kamati kesho saa tisa, dukani kwa marehemu.

Nilikwenda nimevaa kitenge changu cha misa. Kamati hukutana nyuma ya duka, kwenye chumba chenye kabati la kioo la makombe. Walikuwepo wazee watano wa timu, sekretere, na mjane wa Prezida, amevaa nyeusi, mikono mapajani. Mpira uliwekwa katikati ya meza. Nikawaeleza yote niliyoeleza hapa, isipokuwa matusi ya Kinande. Wakasikiliza kwa adabu ile inayokera, ya watu wanaongoja umalize. Mmoja akasema, "Mama, hatuna kukatala. Mais Prezida alikuwa na onyesha kidole. Sisi wote tuliona."

Hapo nikasema neno langu, lile nililolala nalo.

"Muko na taka alama? Alama iko ndani. Baba mbele ya kufunga aliandika jina ku ngozi, na kalamu ya zambarau, mi nilimuona na macho yangu. Tufungue. Tukikuta jina ya baba, museme jina yake ku micro siku ya match, mara moya tu. Njo ile naomba, hakuna ingine. Na kama haiko, nitashona, nitanyamaza."

Nililiona kweli. Siku ya nne, kabla ya kuufunga, baba alitoa ile kalamu inayoandika kama wino ukiilamba, akailamba, akageuza kipande cha mwisho na kuandika kitu. Ulimi wake ulikuwa wa zambarau mpaka jioni, mama alimcheka. Kwa zaidi ya miaka arobaini nilikuwa nimelibeba jina lile kifuani kwangu. Kila kidole kiliponyanyuliwa kwenye sherehe, nilijiambia: sema tu, jina la baba liko ndani.

Wakatazamana. Mzee mmoja akasema ni haki. Sekretere akanisogezea mpira.

Mipira ya zamani ina mdomo uliofungwa kwa kamba ya ngozi, kama kiatu. Kamba ilikuwa imekauka, niliikata. Kibofu cha ndani kilikuwa kimeshikana na ngozi, kikatoka vipandevipande. Nikatia vidole, nikapapasa kwenye upande ulioelekea mdomo, nikakipata kile kipande, nikakibinua nje taratibu kisipasuke. Maandishi yalikuwepo. Ya zambarau, yamefifia kidogo pembeni, ila kila herufi imesimama. Mwandiko wa baba, ile R yake yenye mguu mrefu. Sekretere akawasha taa ya simu, akainama, akasoma kwa sauti.

Lilikuwa jina la Prezida. Majina yake yote matatu, kama yalivyoandikwa kwenye kibao cha duka, na chini yake: Butembo.

Nakumbuka makofi. Nakumbuka mzee mmoja alipiga kigelegele kama mwanamke, kwa furaha, na mwingine akanishika bega akaniambia nisiwe na haya, huzuni ya mzazi hufanya mtu akumbuke vibaya. Walikuwa wema wote. Mjane peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anatazama mikono yake.

Nikaufunga mpira ndani ya kitambaa cha maua na kurudi nao kibandani. Nilikuwa nimeahidi.

Niliketi. Mbele yangu palikuwa na viatu kumi na sita vinavyongoja, karibu vyote vyeusi, vya walimu, kwa sababu shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Viatu vyeusi vya walimu hufanana vyote, na kila mwalimu huamini kile kisichochakaa ndicho chake. Ndiyo maana kila kiatu kikija nageuza ulimi wake na kuandika jina. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Nilifundishwa na baba, naye alifundishwa na aliyemfundisha. Niliokota kimoja, nikageuza ulimi. Jina la mwalimu. Cha pili, jina la mwalimu mwingine. Cha tatu, cha nne. Hakuna hata kimoja chenye jina langu. Fundi haandiki jina lake. Anaandika la mwenye kazi, ili kazi isipotee.

Mpumbavu mimi. Kila siku ya Mungu naandika majina ya wenye viatu, na sikuwahi hata mara moja kujiuliza baba aliandika nini. Kwangu mimi ule haukuwa kiatu, ulikuwa ajabu, na ajabu nilidhani mtu huitia jina lake. Kwa baba ulikuwa kazi aliyoletewa siku ya kwanza na ambayo angeirudisha ikiisha. Aliandika aliyeileta. Nililia pale, mchana, mbele ya wapita njia, na mwanamke mmoja muuza nyanya akanijia akaniuliza nani amefariki.

Kesho yake nilimkimbilia sekretere ofisini kwake. Nikamweleza. Nilikuwa nimebeba viatu viwili kumwonyesha. Akavitazama, akasoma majina, akatabasamu, si kwa ubaya.

"Mama. Jana ulisema jina yenye iko ndani iko ya ule alishona. Leo unasema iko ya ule aliomba kazi. Kesho utasema nini?"

Angekuwa mtu mwingine amenijia na maneno hayo, mimi mwenyewe ningemfukuza.

Nikashona. Na hapa nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Mishono ya pembeni ilikuwa imeoza, ilibidi nirudie karibu nusu ya mpira. Uzi wangu niliuweka upande wa kulia na nta upande wa kushoto, nikaitazama ile nta kwa muda mrefu. Uzi usiopitishwa kwenye nta unashona vilevile; kwa macho huwezi kuutofautisha. Lakini ukilowa kwenye majani na kupigwa mateke ya wanaume, haufiki dakika ya ishirini. Niliona picha yote: uwanja umejaa, kipaza sauti kimemaliza kusoma, mpira wa Prezida unafunguka mdomo katikati ya uwanja na kibofu kinatoka kama utumbo. Nilifurahi kuiona. Nilishona mishono sita bila nta.

Mshono wa saba ulikutana na mshono wa baba, ule wa zamani, uliokuwa bado umeshika. Alikuwa na mtindo wake: kila tundu la tano alirudisha uzi nyuma, kitu ambacho hakihitajiki na kinachelewesha kazi. Nikatazama yangu sita, nikatazama yake. Mpira ukifunguka, mishono yake itafunguka pamoja nao. Nikaikata ile sita, nikaanza upya, nikaupitisha uzi kwenye nta mara tatu kwenda na mara tatu kurudi.

Kabla ya kuufunga nilishika kalamu. Kile kipande kilikuwa kimebinuka nje, na chini ya Butembo palikuwa na nafasi ya kutosha. Ningeweza kuandika: umeshonwa na fulani. Sikuandika. Kiburi tu. Nilijiambia baba hakuandika, mimi nani niandike. Nilijiambia wakiufungua siku nyingine watasema binti aliingiza jina kwa wizi. Nikatia kibofu kipya, nikakijaza, nikafunga kamba.

Tulikwenda Beni asubuhi, na mechi ikapangwa saa nane, ili kila mtu awe amepita Kalunguta akirudi nyumbani kabla ya jioni, kwa sababu baada ya hapo barabara si ya raia, ni ya wenye bunduki. Mimi nilichukuliwa ili niwepo mpira ukisumbua. Sekretere aliubeba magotini, ndani ya kitambaa. Kwenye kizuizi cha Kalunguta mwanajeshi mmoja, mtu wa mbali, wa jimbo jingine, akakiona kile kitambaa.

"Nini eza na kati?" akauliza kwa Kilingala, yaani kuna nini ndani.

"Ballon, chef," sekretere akajibu. "Ballon officiel ya match."

Akataka kuuona. Akaufungua, akaudundisha mara moja chini, akaudaka. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa kamati aliyelifanya: akapitisha kidole kwenye mshono, polepole, kutoka kipande hadi kipande. Kidole kikasimama pale uzi unaporudi nyuma.

"Iyi kazi ni ya mukono ya mutu," akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza. "Nani alishona?"

Katika habari hii yote, tangu kifo cha Prezida mpaka leo, ni mtu mmoja tu aliyeuliza swali hilo bila kuwa na jibu tayari, naye alikuwa na bunduki begani. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma, karibu na dirisha. Nilifungua kinywa.

"Prezida wetu," sekretere akasema. "Marehemu."

Mwanajeshi akainamisha kichwa kwa heshima. "Alikuwa fundi," akasema, akarudisha mpira. Kizuizi kikainuliwa.

Uwanja wa Beni ulijaa. Mjane aliwekewa kiti chini ya hema pamoja na wazee. Mimi nilisimama kwenye kona karibu na goli, na sindano na uzi kwenye mfuko wa aproni. Wachezaji walijipanga, utepe mweusi mkononi, sekretere akasoma historia ya mpira vizuri sana, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Aliongeza jambo la jina lililokutwa ndani. "Hata leo," alisema, "liko ndani." Watu walishangilia mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye miti. Mwishoni akawashukuru madereva, akina mama waliopika, na mafundi wote. Mafundi wote nilikuwa mimi.

Mvua ilinyesha usiku uliotangulia na majani yalikuwa yamelowa. Dakika ya ishirini mpira ulikuwa mzima. Dakika ya thelathini beki wa Beni, mwanamume mwenye paja kama kinu, akaupiga kutoka golini kwao hadi golini kwetu, ukatua, ukadunda, mzima. Mzee mmoja nyuma yangu alikuwa anamwambia mwenzake, "Unaona? Miaka yote ile! Prezida alijua kushona, wee!" Kila shuti lilipopigwa alirudia. Nami nilikuwa nimesimama pale, naona fahari na hasira kwa pamoja. Kadiri ulivyoshika ndivyo walivyozidi kumsifu. Ningekuwa nimeacha ile mishono sita, angalau wangelitaja jina langu, hata kwa kutukana.

Wakati wa mapumziko kapiteni aliuchukua mpira, akaufuta kwa jezi yake, akampelekea mjane. Nilimwona anaupokea mapajani. Kisha akatuma mtu aniite.

Nikapiga goti kidogo, nikampa mkono. Alikuwa anapapasa mishono.

"Mutoto yangu, iyi kamba unaifunga nguvu."

"Njo kazi, mama."

Wazee walikuwa wameinuka kwenda kunywa soda. Akasema kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Baba yako aliuleta ku nyumba asubuhi, tulikuwa na kunywa uji. Mi njo niliupokea mukononi mwake. Nilikuwa bibi-arusi mupya. Vidole vyake vilikuwa na bandeji. Bwana yangu alikuwa na moja tu."

"Mama. Siku ile mu kamati ulikuwa pale."

"Nilikuwa."

"Na ulinyamaza!"

"Nilinyamaza." Sasa akanitazama, na macho yake yalikuwa makavu. "Ni bwana yangu. Yeye njo alikuwa na danganya, mi njo nilikuwa na pika chakula ya wale wenye kupiga makofi. Sasa amelala mu udongo. Nimuvue nguo mbele ya batu? Wewe baba yako ungelimuvua?"

Nilitaka kumwambia baba yangu hakuwa na nguo ya kuvuliwa. Alikuwa mjane, amevaa nyeusi, na mimi nilifunzwa adabu.

Akaugeuza mpira, akauweka mdomo juu, akagusa kamba. "Kule ndani, uliandika jina yake?"

"Ya baba? Hapana."

"Hapana?"

"Sikuandika, mama."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayemwona binti yake ameunguza chakula. "Ulikosa," akasema. "Mi nilifikiri utaandika. Njo maana niliacha mupira ukuje kwako, hawakuupeleka kwa fundi mwingine."

Firimbi ikapulizwa. Kipindi cha pili kilichezwa kwa mpira wa dukani, mweupe na mwepesi, na sikukitazama.

Sasa mpira uko kwenye kabati la kioo, nyuma ya duka, umewekewa kibao chenye jina la aliyeushona, yaani Prezida. Ufunguo anao mjane. Mimi napita pale kila Jumamosi nikienda kununua uzi, na muuzaji ananiruhusu niingie nitazame, wanadhani nimetubu. Wiki za kwanza ulikuwa umekaa kama nilivyouacha. Mwezi wa tatu niliona umelegea kidogo upande wa kushoto. Sasa umeinamia kioo. Kibofu hata kiwe kipya namna gani kinapungua, na huu hauna tundu la kupulizia kwa nje: lazima kamba ifunguliwe. Kumbukumbu ya mwaka inakuja na kamati imeshaamua utachezwa tena. Sekretere aliniambia nijiandae.

Niko tayari. Nimenunua kalamu ya zambarau. Imekaa kwenye mfuko wa aproni pamoja na nta, na jana niliilamba kuona kama bado inaandika.